Maji Tunayomwaga Jioni

Kila unaponipigia simu kutoka kazini kuuliza kama nimetoka nje, mwanangu, inanijia asubuhi moja ya mwezi wa saba, zamani, tukiishi Diepsloot, pembezoni mwa Johannesburg, kwenye kibanda cha mabati. Tulikuwa mimi, baba yako, wewe na dada zako, na babu yako mzaa baba, aliyetufuata kutoka Burundi akiwa tayari na mvi kichwa kizima. Nilikuwa bado kijana, mkazamwana mwenye mdomo mrefu nje na mfupi ndani.

Baridi ya Johannesburg unaijua. Mchana jua linawaka hadi mtu anavua koti, alfajiri unakuta maji yameganda ndoo nzima. Mimi iliniogopesha tangu mwaka wa kwanza. Babu yako hakuiogopa. Alizaliwa milimani, akatuambia sisi wa Bujumbura mjini tumezoea kudekezwa na joto. Kila asubuhi alivaa koti lake refu, akashika fimbo, akaenda kwenye spaza, kile kiduka cha Mrundi mwenzetu pale kona, ambako wazee walikuwa wakiegemea ukuta na kuota jua. Nyumbani aliwasalimu ninyi watoto kwa Kiswahili, nanyi mkamjibu kwa Kizulu huku mnakimbilia kucheza. Pale ukutani ndipo alipopata watu wa kuongea nao.

Basi mzee mmoja Mkongomani wa pale pale ukutani akateleza alfajiri kwenye barafu, akavunjika nyonga. Alirudishwa nyumbani akiwa wa kulala tu, na hakuinuka tena. Baba yako alikuwa mlinzi wa usiku Randburg. Alipopata habari hiyo, kabla ya kwenda kazini alisimama mbele ya baba yake na kumwambia kwa heshima zote, lakini kwa sauti ya amri.

"Papa, hii baridi yote usitoke, mpaka mwezi wa tisa. Eish, ukianguka, miye nitafanya nini?"

Babu yako akaitika tu, hakubishana. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu yule mzee alikuwa akibishana hata na redio.

Akakaa ndani. Kila asubuhi alivaa koti lake kama kawaida, akaketi ukingoni mwa kitanda na fimbo yake, akitazama mlango. Chakula akawa anakigusagusa. Siku moja nikiwa naosha vyombo nilimsikia anaongea, nikadhani amepata mgeni. Nilipochungulia alikuwa peke yake, anawasalimu kwa majina watu waliokufa zamani kule kwetu. Mwanangu, niliogopa sana. Nikiona anatoka nitahofia nyonga yake, na akibaki ndani naona anatutoka polepole, amekaa pale pale. Na mimi ningemwambia nini? Kwetu mkazamwana hata jina la baba mkwe halitamki, sembuse kumpa ruhusa au kumnyima. Nikawa nalala na wasiwasi na kuamka nao.

Asubuhi ninayokuambia, baba yako alikuwa anarudi kutoka kazini. Nilisikia buti zake uchochoroni, kisha kishindo, kisha kimya. Kabla sijapata kitenge cha kujifunga, babu yako alikuwa ameshafungua mlango.

Baba yako alikuwa chini, mbele ya mlango wetu kabisa, mkono umepinda vibaya, anatweta. Kijana mwenye nguvu zake. Chini yake palikuwa na barafu nyembamba inayong'aa, na haikushuka kutoka mbinguni. Jana yake jioni uchochoro mzima tulikuwa tumefua, na maji ya sabuni tukayamwaga pale pale milangoni kama tulivyozoea, maana mtaro ulikuwa mbali na baridi imeshaanza kuuma. Beseni langu nalo lilikuwamo.

Babu yako hakukimbia. Alikwenda taratibu, kiganja kwenye mabati, fimbo ikitangulia kupima. Akaniagiza majivu ya jiko. Niliyaleta, akayatandaza juu ya barafu, akasimama juu ya majivu hayo, tukamwinua mwanawe sote wawili. Ndipo akasema.

"Miye umenifunga mu nyumba. Lakini maji mumeacha mu njia."

Baba yako akalia. Sijui kama ni mkono au ni yale maneno, sikumuuliza.

Mkono ulipofungwa plasta, mimi nilipita mlango kwa mlango, na mdomo wangu unaujua. Wengine waliniita mchawi wa maji, lakini ufuaji ukahamia asubuhi, maji machafu yakaenda mtaroni jua likiwa bado juu. Baba yako akawa kila akirudi kutoka kazini anafika kwanza hadi kwenye spaza, akiitazama njia yote, ndipo anakuja kumwambia mzee ilivyo. Na mzee naye akakubali kutotoka mpaka jua liguse mabati. Aliota jua lake miaka mingi baada ya hapo, na vicheko vyake tulivisikia mpaka nyumbani.

Sasa na mimi magoti yangu ni mabovu, na sitakudanganya, naogopa kuanguka kuliko unavyoniogopea. Alfajiri sitoki. Mzee anayetoka alfajiri kwenye barafu ili aonekane bado ana nguvu anawatesa wanawe bure. Lakini jua likipanda nitavaa viatu visivyoteleza, nitakuambia ninakokwenda, nami nitatoka, kwa sababu ndani ya hili ghorofa ninaloishi nawe, mchana hakuna anayeongea nami ila televisheni, nayo hainijibu. Wewe acha kunipigia simu kuuliza kama nimetoka. Asubuhi kabla hujaenda kazini, shuka zile ngazi wanazoziosha jioni, uone kama zimekauka, halafu panda uniambie. Kumfungia mzee mlango ni rahisi sana, mwanangu. Kumtengenezea njia ndiyo kazi ya mtoto.

Mungu akufikishe uzee. Na siku magoti yako yatakapochoka, akupe watoto watakaoshuka kwanza kuitazama njia, kisha warudi kukushika mkono.