Matusi ya Bernadine Yaliyoliza Watu Sinema

Bernadine Wojcik alipiga ngoma kama mtu anayeua nyoka, na mjini Toledo, Ohio, hiyo ilikuwa sifa. Mchana alikuwa akiosha mbwa wa watu dukani kwa shangazi yake. Jioni alijifungia na bendi katika gereji ya mama yake, iliyonuka mafuta na kabichi. Mwimbaji alikuwa Duane, kijana mrefu mwenye nywele zisizojua kitana. Alikuwa pia mpenzi wake, makosa mawili kwa mpigo mmoja.

Mwaka wa 1995 watu wa sinema kutoka California waliisikia kanda yao, wakawaagiza wimbo wa roki kwa filamu ya mapenzi: kijana anakufa, msichana analia, magitaa yananguruma. Duane akaandika maneno mengi kuhusu mwezi.

Asubuhi ya kurekodi, mama alimkuta Bernadine jikoni akipenga kamasi.

"Yule mrefu kapiga simu," alisema huku akimenya viazi. "Kahamia Chicago. Anasema amepata bendi yenye sura."

"Sura?"

"Mimi nimepokea simu tu. Yako si mbaya, ukioga."

Bernadine alikwenda studio hivyohivyo, na mafua yake. Fundi mitambo, Vaughn, akamuuliza mwimbaji yuko wapi.

"Kafa."

"Pole sana. Kweli?"

"Bado."

Kanda ilitakiwa California upesi, na Lyle, mpiga gitaa, alikuwa na sauti ya mbuzi anayedai haki yake. Basi wakarekodi ngoma na magitaa kwanza, kisha Bernadine akaitupa karatasi ya maneno ya mwezi pipani, akasimama mbele ya kipaza sauti na kumwimbia Duane yaliyokuwa moyoni: nenda, usigeuke nyuma, kitanda nitakichoma, mbwa nimeshamwambia hurudi. Pua ilikuwa imeziba na sauti ikawa inakatika. Vaughn alidhani analia. Alipofika mwisho na kujipangusa uso, Bernadine aligundua kwamba Vaughn hakukosea.

"Turudie?" Vaughn aliuliza polepole.

"Ukinirudisha pale nitakupiga kwa gitaa la Lyle."

"Langu limekosa nini?" akauliza Lyle.

Filamu ilipotoka, Bernadine alimpeleka mama yake kuitazama. Ilikuwa mbovu kiasi cha mama kutoa kitambaa chake na kuanza kufuma. Halafu yule kijana akalazwa jenezani, na matusi ya Bernadine yakajaa ukumbi mzima. Wanawake wakatoa leso. Jitu moja la mbele, lenye shingo kama gogo, likaanza kulia kwa kwikwi. Bernadine alicheka ndani ya bisi zake, kisha akaziweka chini, akasikiliza.

"Umeimba kama mtu anayetapika," mama alisema wakitoka. "Lakini nimesikia kila neno." Akamshika mkono mpaka kwenye gari, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake aanze shule.

Redio nazo zikaudaka wimbo. Haikupita muda, Duane akapiga simu dukani.

"Nimeusikia wimbo wetu, Bernie."

"Wetu?"

"Si unanihusu mimi?"

"Kila tusi."

"Watu huku wanasema aliyeimbiwa vile alipendwa sana."

Bernadine alimtazama mbwa aliyejaa povu mbele yake.

"Alipendwa," alisema. "Ndiyo maana akatukanwa vizuri." Akakata simu, akaendelea kusuuza mbwa.

Watu wa California waliomba wimbo wa pili. Bernadine alijaribu kuhuzunika kwa makusudi, wimbo ukatoka kama tangazo la sabuni. Bendi ikafa kimyakimya. Lyle akawa fundi bomba, naye Bernadine akarithi duka la mbwa, akaishi vizuri tu. Hakupenda kuuimba tena ule wimbo, ingawa waombaji hawakukosekana. Hata maharusi waliutaka, watu wasiosikiliza maneno.

Lakini mjane mmoja wa mtaa wa pili alipomwomba auimbe mazikoni, Bernadine alimuuliza kwanza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Mshenzi," alisema mjane, macho mekundu. "Sijui nitaishije."

Bernadine akaenda, akauimba wote.