Nondo Aitwaye Mkwe

Nisingetoka Same kwenda Kigoma kama mpwa wangu Elisante asingetaka kuoa. Yeye ni bwana shamba huko Kasulu, kijana msomi. Mchumba wake, Domitila, ni wa Kitahana, Kibondo, na wazazi wa binti walisema hawapokei posa kwa simu, wanataka mtu mzima. Familia ikatazamana, kisha ikanitazama mimi, kwa kuwa nimestaafu na sina pa kukimbilia.

Kasulu nilifika na vumbi hadi kwenye kope. Nilidhani nitamkuta mposaji akijifunza unyenyekevu. Nilimkuta akitoboa kifuniko cha chupa ya jamu. Chupa ilikuwa ya kumwekea nondo, ndugu yake kipepeo: mkubwa, rangi ya majani makavu, anayeonekana kwa nadra sana katika misitu ya huku. Elisante amemtafuta tangu alipohamishiwa hapa na hajamtia machoni. Wenyeji humwita Mkwe.

"Kwa nini Mkwe?" nikauliza.

"Mjomba, hilo nimelitafakari. Ni mavazi. Amependeza kama mtu anayekwenda ukweni."

Nikalitazama shati lake lililokunjamana.

Njiani kwenda Kibondo msitu ulitusindikiza pande zote mbili, mizinga ya nyuki ikining'inia mitini. Elisante hakuutazama, alikuwa anaufundisha. Nondo huyo, alisema, akishaota mabawa hana kinywa, hula akiwa kiwavi tu. Nilimwuliza atasema nini ukweni. Akajibu atajiachia tu. Nikajua tumekwisha.

Kitahana tuliingia jioni. Baba wa binti, Mzee Venansi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani, alitupokea mlangoni. "Mwiriwe, karibuni." Pakaletwa ugali wa muhogo, maharage na samaki aina ya migebuka. Mama wa binti hakujitokeza. Tulisikia sauti yake tu nyuma ya pazia. Elisante akanawa, akala, akaongeza. Huku akitafuna alimweleza mzee namna ya kupanda maharage, yale yale tuliyokuwa tunayala. Mzee akawa anajibu "Ego", ndiyo ya kwao, na kila "ego" ikawa fupi kuliko iliyotangulia.

Giza lilipoanza kuingia, nondo akaja kwenye taa, akatua ukutani. Elisante akaruka na chupa yake, tonge bado mkononi.

"Mwache mkwe wetu!" pazia likasema.

"Kumbe ndiye! Mama, kwa nini mnamwita Mkwe?"

"Anaingia jioni, anakaa ukutani, anatulia. Chakula chetu hagusi."

"Ni kweli, mama, hana kinywa. Alikula akiwa kiwavi."

"Ego. Kiwavi anakula kwao. Akishaota mabawa akaja ukweni, hali."

Elisante akalitazama tonge mkononi mwake, akalirudisha polepole. Mzee ndipo akatueleza: katika nyumba yao mposaji huwekewa chakula kwa heshima, naye hakigusi kwa heshima, mpaka siku ya ndoa. Nikaisogeza sahani yangu karibu. Kuhusu wajomba hakusema kitu.

"Jibu la posa ni asubuhi," mzee akamaliza. "Na mkwe wetu asiguswe."

Elisante akakaa, mikono katikati ya magoti, akimkodolea macho yule aliyemtafuta miaka yote. Sijawahi kumwona amenyamaza hivyo. Nilimhurumia kweli.

Asubuhi nondo alikuwa ameshuka kizingitini, amechoka. Kuku wa mama akapita, akamdonoa, akammeza. Elisante akafungua kinywa. Akatazama pazia. Akakifunga.

Mzee Venansi alikuwa anamwangalia. "Huyu anafundishika," akasema. "Posa tumeipokea."

Kabla ya kuondoka tulichinjiwa kuku. Kuku yule yule.

Nimerudi Same, na kila mtu ananiuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba paja la kuku aliyekula nondo adimu ni tamu kama la kuku mwingine yeyote. Elisante angeweza kulithibitisha kitaalamu, lakini hakuonja hata mchuzi. Alikaa ukutani, akatulia.