Maneno Niliyohifadhi kwa Ajili ya Mama Yake

Sijui Kiarabu. Wenzangu hushangaa nikisema hivyo, maana nimesoma chuo cha Qur'ani Unguja tangu utotoni, na nikisalisha hapa Guangzhou herufi haziniponyoki. Lakini ndivyo tulivyofundishwa: mwalimu anasoma, sisi tunafuatisha mpaka yakae moyoni. Maana tuliwaachia wakubwa.

Rafiki yangu alikuwa Mpalestina. Tulijuana katika soko la Zhanxi, kwenye stoo ya wakala wa mizigo, ambako aliwatafsiria wanunuzi wa Kiarabu bei za viatu. Kwao alikuwa mwandishi. Alifungwa kwa kuwaongoza wanakijiji wenzake kudai kisima walichonyang'anywa. Akatoka, akaandika habari za kisima, akafungwa tena. Huku nako aliandika kila siku ya Mungu, amekaa juu ya marobota, simu mkononi. Mimi, kwa biashara yangu ya jinzi, nimehama Mombasa, Maskati na Dubai, na kila mji huanza kuutamani nikishauacha. Yeye alitamani kijiji kimoja tu. Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga na Kichina cha sokoni. Aliniita laoban, bosi, kama wauzaji wanavyomwita kila tajiri, kwa utani, maana alijua mfuko wangu ulivyo mtupu.

Koo lilipoanza kumuuma tulidhani ni vumbi la stoo. Ilikuwa saratani. Sauti yake ikawa kama upepo unaopita chini ya mlango.

Siku moja nilimpelekea uji wa mchele hospitalini, akaniambia amemwandikia mama yake kitu. Mama hajui kusoma. Yuko kambini, ndani ya hema, na miaka yote mwanawe ndiye aliyemsomea kwa simu kila alichokiandika.

"Si ujirekodi tu," nikamwambia.

"Kwa sauti hii? Atanilia kabla sijafa. Utamsomea wewe, nikishaondoka."

"Ndugu yangu, mimi sijui Kiarabu."

"Najua. Nimekusikia ukiagiza kahawa." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Lakini unajua kuhifadhi."

Tukaanza. Alinong'ona sentensi, nikafuatisha. Mimi nilikuwa naghani, maana sijui njia nyingine ya kutamka Kiarabu, naye akanipiga kofi mkononi.

"Laoban, hii si Qur'ani. Wala hunadi jinzi. Sema kama unaongea na mama."

"Hapa maana yake nini?"

"Ukijua maana utaanza kuigiza. Sema tu."

Nilipokwenda Xintang kukagua mzigo nilikuwa nayasema kwenye treni, watu wakisogea mbali nami. Baadaye hata kunong'ona kulimshinda, akawa ananyanyua kidole nikikosea. Alasiri moja niliyasema yote, mwanzo hadi mwisho, na kidole hakikunyanyuka. Nikafurahi. Nilipomtazama nikakuta amelala, kwa hiyo sijui nilipatia au la. Hakuamka vizuri tena, na baada ya siku chache akafariki mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika sisi wageni, hakuna hata mmoja wa damu yake. Mmoja wetu ajuaye Kiarabu alimwandikia jirani wa hema, akampa namba yangu, naye jirani akampa mama habari. Kisha mtandao ukapatikana kule kambini, jirani huyo akanipigia ghafla, nikiwa katikati ya mikokoteni ya Zhanxi. Akataja jina la marehemu, akampa mama simu.

Nikajibanza kwenye ngazi za duka nikayasema maneno yote. Mahali fulani katikati mama alicheka, kicheko kifupi, wala sikujua nimesema nini. Mbele kidogo akalia, na hapo pia sikujua. Nilipomaliza akaanza kuniuliza. Aliuliza polepole, kama anavyoulizwa mtoto, akarudia, na katika yote nilishika neno moja tu, waladi, mwanangu. Labda alitaka kujua kama mwanawe aliumia sana. Labda nani alimfumba macho, na kama siku za mwisho alikuwa anakula. Majibu yote nilikuwa nayo. Aliyemfumba macho ni mimi. Lakini Kiarabu changu chote kilikuwa kile alichonifundisha mwanawe, na nilikuwa nimeshakimaliza.

Akawa ananisubiri. Nilimsikia akipumua.

Nikaanza tena mwanzo.