Kamba ya Ng'ombe wa Mama

Juzi niliona lori likipakia mahindi Kiminini, na harufu ya vumbi la magunia ikanirudisha nyumbani Bungoma. Mimi mwenye diploma ya uhasibu, niliyerudi kutoka Qatar na kununua ploti Kitale kwa jasho langu, alasiri ile ya utotoni sikuelewa kitu.

Lori lilikuwa limeondoka na mahindi yetu. Baba alipunga noti hewani akicheka. "Mama Nekesa, hii yote ni faida! Chinja kuku!"

"Na ng'ombe wangu tuliyemuuza tukanunua mbolea?" mama akauliza. "Huyo umemtoa kwenye hiyo faida?"

"Ati ng'ombe? Si alishaenda, bana!"

Kuku akachinjwa, lakini mama hakuigusa nyama. Nilidhani ameshiba. Leo ningemwonyesha baba kwa mistari mitatu tu: mauzo, toa gharama, hasara. Msimu uliofuata hatukuwa na kitu kingine cha kuuza ila shamba, tukaliuza.

Lakini siku ile nilimwomba mama kamba ya ng'ombe, kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Akanipa bila kuniangalia. Niliiruka uani hadi giza likaingia, nikihesabu kwa sauti ili baba asikie jinsi nilivyojua hesabu.