Mkongojo wa Babu

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikisikia kwamba mtu anamnunulia mzazi wake mkongojo. Na wewe nimesikia unataka kumnunulia mama yako. Basi kaa kwanza, duka halikimbii.

Ilikuwa Mahajanga, Madagaska, miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa msichana, nikiishi na babu na bibi. Asili yetu Ngazija. Ndani tulisema Kikomoro, tukitoka nje ni Kimalagasi. Babu goti lake lilikuwa limeharibika, na alikwisha kuanguka njiani akienda msikitini. Kaka yangu Saidi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari kule Dzamandzar, kisiwa cha Nosy Be, alipopata habari akaenda Marodoka, kisiwani humo humo, kwa mfanyabiashara mmoja, akanunua bakora ya mpingo yenye kichwa cha fedha, inang'aa hata unaona haya kuishika. Akaja nayo likizo. Tuliishangilia nyumba nzima! Babu akaipokea kwa mikono miwili, akamwombea Saidi dua, kisha akaisimamisha nyuma ya mlango.

Ijumaa ilipofika babu alioga, akavaa kanzu, akajitia manukato, halafu akakaa kitandani. Alisema ataswali nyumbani. Mwanangu, mzee yule aliishi kwa ajili ya Ijumaa. Baada ya swala alizoea kukaa barazani na wenzake, wakinywa kahawa na kutaniana, akaturudia na habari za mji mzima. Ijumaa iliyofuata pia hakutoka. Akawa anakula kidogo na kuzungumza kidogo zaidi. Niliogopa sana. Niliona tunampoteza naye yu hai.

Saidi akaja juu. "Wazee hawa!" alisema uani. "Unawapa kitu kizuri, wanakiacha kipigwe na vumbi."

Bibi alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua macho. "Saidi, bakora kama ile hushikwa na nani kule kwetu?"

Sisi tuliozaliwa Madagaska mambo hayo tuliyasikia kwa mbali tu. Kwa Wangazija, bakora ya namna ile ni ya mwanamume aliyefanya harusi kubwa, ile tuiitayo ada, akaulisha mji. Babu hakuwahi kuifanya.

"Alichokiweka kwa ajili ya ada kiliishia kwenye ugonjwa wa mama yenu," bibi akasema, "na hajajuta hata siku moja. Lakini sasa wataka apite mbele ya wenzake na heshima ambayo hawakumpa? Ni afadhali aanguke. Kuiacha akatoka bila hiyo ataona amekuvunja moyo, na kukwambia hawezi, kwa sababu umemletea kwa mapenzi. Wewe ulimuuliza?"

Saidi alitokwa na machozi, mwanamume mzima. Akaingia chumbani, akachuchumaa mbele ya babu. "Bakoko," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "nisamehe. Mwenyewe wataka mkongojo gani?"

Babu akacheka, kicheko tulichokwisha kukikosa. "Wa mti wa kawaida. Tena mfupi, mjukuu wangu. Huo wako ni wa kuangulia maembe."

Basi Saidi akamsimamisha uani na viatu vyake vya msikitini, mikono imelegea, akapima kutoka chini hadi kwenye kifundo cha mkono. Akakata mti hapo, akaulainisha mpini, akaupigilia kipande cha tairi kwenye ncha, kwa kuwa pale pa kutawadhia sakafu huteleza. Ule wa fedha aliurudisha Marodoka likizo ilipokwisha.

Ijumaa ya wiki ile Saidi alimsindikiza. Alinisimulia jinsi wazee wenye bakora zao walivyosogea kumpa babu nafasi barazani, wakimgombeza kwa kupotea. Babu alirudi alasiri, akaanza kumtania bibi kabla hata ya kuvua kofia. Nililia jikoni kwa furaha, nikasingizia vitunguu.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujatoa pesa, muulize mama yako anataka kwenda wapi, na kina nani watamwona akienda. Mpime na viatu vyake miguuni. Aushike mkongojo, ajaribu kutembea nao, na akikataa usinune. Kizuri machoni pako huenda kikamfungia ndani.

Mungu ampe mama yako nguvu za kutoka na furaha ya kurudi. Na wewe, siku goti lako litakapochoka, akujalie mtoto atakayekuuliza kwanza.