Kimya Nilichokisikia Nikiwa Juu ya Bati

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo karibu yote niliipitisha juu ya bati la nyumba ya watu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nimekumbatia mlingoti wa antena kama mtu aliyepanda mnazi akaogopa kushuka. Chini yangu ua ulijaa watu kutoka mlangoni hadi jikoni. Walikuwa wamekuja kumuaga Kibatari.

Wewe humjui Kibatari, na si kosa lako. Jina lake alilopewa na wazazi ni Shabani, mtoto wa muuza kahawa wa mtaa ule ule. Alikuwa mwembamba, mweusi, mkimya, halafu ghafla anawaka, na akiwaka hakuna anayebaki na mbavu zake. Ndipo watu wakamwita Kibatari. Alivuka kwenda Unguja akiwa kijana, akaingia kwenye michezo ya kuchekesha, na wenzetu wa kule walipopata televisheni akawa anajulikana kuliko mashehe. Huku Bara televisheni hatukuwa nayo. Lakini ukisimamisha antena ndefu, ukaielekeza vizuri ng'ambo ya maji, picha za Unguja ulizipata hapa hapa mjini.

Kibatari akafa. Homa ya ghafla, akazikwa kesho yake huko huko. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa chumbani kwake Kariakoo, miguu imemvimba, hawezi kusimama sembuse kupanda boti. Alimzika mwanawe kwa kusimuliwa. Basi ilipokuja habari kwamba kutakuwa na shughuli ya kumkumbuka, hitma na baadaye hotuba na vipande vya michezo yake, na kwamba vyote vitaonyeshwa kwenye televisheni, jirani yake Mzee Kibwana akasema, "Bi Zuhura atakaa uani kwangu, amwone mwanawe."

Mzee Kibwana alikuwa amefanya kazi ya upishi melini miaka mingi na alirudi na televisheni yake, nyeusi na nyeupe, ameifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kilichokosekana ni antena ya maana. Akamtuma mtoto kuniita.

Hapa lazima nikwambie mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Ufundi wa redio sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena, nyingine zikipona, nyingine nikizirudisha kwa wenyewe huku nimeinama. Cheti sikuwa nacho, na kila nilipomwona mtu mwenye cheti nilihisi jasho mgongoni. Kwa hiyo nilitaka kila kazi yangu isiwe na doa. Waya nikiuunga, nauachanisha, nauunga tena. Mteja akisema "imepona, ahsante," mimi nasema "ngoja kidogo," na hapo hapo naiharibu. Nalala nikiwaza mlio mdogo ambao hakuna aliyeusikia ila mimi.

Mtu wa namna hiyo, mwanangu, ndiye aliyekabidhiwa macho ya Bi Zuhura.

Niliunga vyuma vya antena siku mbili kabla, nikavibomoa, nikaviunga upya. Alasiri yenyewe nikapanda. Mzee Kibwana akakaa mbele ya kioo, watu wakawa wananipigia kelele kutoka chini ili nijue nigeuzie wapi.

"Geuza kulia! Kulia kwako wewe, si kwangu!"

"Imekuja! Aa, imeondoka!"

"Fundi, unatutafutia Unguja au Komoro?" Huyo alikuwa Chuma, mchukuzi wa mizigo sokoni, hakuwa na uwezo wa kukaa bila kutania.

"Mwache kijana," akasema Mzee Kibwana. "Wewe ungekuwa huko juu bati lingekuwa limeshalala chini."

Kelele zile zilikuwa ndiyo macho yangu. Nilikuwa sioni kioo, nasikia watu tu. Wakishangilia, nashika mlingoti nisitikisike. Wakilalamika, nasogeza kidole kimoja. Hitma ikasomwa, na wa chini wakaitikia amina pamoja na wale wa ng'ambo ya maji. Zikaja hotuba. Mkubwa mmoja akasema marehemu alikuwa mtoto wa Kariakoo, na ua ukapiga makofi mpaka njiwa wa jirani wakaruka. Mimi huko juu nilivimba kifua. Nilikuwa sijaona hata nukta ya picha ile, lakini nilijua mimi ndiye niliyeileta.

Kabla ya hapo, na hili sikulijua mpaka baadaye, uani kulikuwa na ubishi wa chini chini. Iwapo vichekesho vya Kibatari vitaonyeshwa, je, ni halali kucheka? Mama wa marehemu amekaa palepale, kwenye kiti cha Mzee Kibwana, amejitanda kaniki. Jirani mmoja mcha Mungu akasema marehemu huombewa dua, hachekwi. Wengine wakasema huyu kazi yake ilikuwa kuchekesha, ukimnunia unamdhulumu. Hawakuelewana, lakini wakakubaliana jambo moja, kwa heshima ya Bi Zuhura: atakapotokea Kibatari, watu wote wabane midomo.

Na kweli akatokea. Kwa mujibu wa walioona, picha ilikuwa safi kuliko wakati wowote alasiri ile, unaweza kuhesabu vifungo vya kanzu yake. Ua mzima ukanyamaza kama umemwagiwa maji.

Mimi juu nikasikia kimya.

Sijawahi kuogopa kimya kama kile. Nikajua moja kwa moja picha imekufa. Nikajua watu wamekata tamaa, wananiangalia kwa huruma, na kesho mtaa mzima utasema mtoto yule ni fundi wa kubahatisha. Sikuuliza. Ningeinama ukingoni niseme, "Mzee, vipi huko?" ningejibiwa. Sikuinama. Nikaushika mlingoti kwa mikono miwili nikaugeuza.

Chini ukalipuka ukelele ambao sitausahau.

"Umefanya nini wewe!"

"Alikuwa hapa! Alikuwa hapa, ameondoka!"

Nikageuza kushoto, nikarudi, nikapita, nikarudi tena. Pale pa mwanzo sikuwa nimepawekea alama. Nilikuwa nimejiambia nitaweka alama picha itakapokuwa kamili, na kwangu mimi ilikuwa haijawahi kuwa kamili. Nikaanza kulia, nakwambia kweli. Mwanamke amemlea mtoto, hakumzika, na uso wa mwisho wa mtoto huyo nimemnyang'anya mimi.

Picha ilikuwa imepotea, lakini sauti haikupotea. Katikati ya makelele ya watu nikaisikia kutoka kwenye kile kisanduku: vikombe vya kahawa vinagongana. Ti-ti-tim, ti-ti-tim. Kibatari alikuwa akicheza mchezo wake wa muuza kahawa. Anasimulia habari za mtaani huku anajimiminia mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, mpaka mteja anapofika birika ni tupu, naye anamgombeza mteja kwa kuchelewa.

Na juu ya sauti ile ikaja sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, inacheka.

"Nyamazeni!" Bi Zuhura alikuwa akisema. "Nyamazeni nisikie! Huyo baba yake huyo! Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akigonga vikombe. Mtoto mwovu, anamwigiza baba yake mpaka kaburini!"

Akacheka mpaka akakohoa. Na kwa kuwa mwenye msiba amecheka, nani mwingine wa kununa? Ua ukapasuka. Chuma alikuwa amejishika tumbo. Hata yule jirani mcha Mungu, niliambiwa, aligeuka ukutani mabega yakimcheza.

Mimi nikaendelea kugeuza. Picha ikarudi, Mzee Kibwana akapiga kelele, "Basi! Hapo hapo!"

"Ikoje, mzee?"

"Ina chenga kidogo."

"Basi ngoja niisafishe, mzee, dakika moja tu."

"Funga mlingoti, ushuke."

"Mzee, ikiwa na chenga si..."

"We mtoto!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mabaharia wakati wa dhoruba. "Hatukuja kutazama kioo. Tumekuja kumtazama Shabani. Shuka umwone na wewe."

Nikafunga kamba, nikashuka ngazi huku nimeangalia vidole vya miguu. Nilitegemea kofi. Bi Zuhura akaninyooshea mkono, akanikalisha chini karibu na miguu yake iliyovimba. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, nisamehe." Akasema, "Marahaba. Tazama mbele."

Nikatazama. Picha ilikuwa mbaya, mwanangu. Chenga kama mvua, na Kibatari ana kivuli ubavuni, kama wako wawili. Nilitafuta aibu yangu mle ndani ya kioo, sikuiona. Niliona mtu mwembamba anavua kofia, anaikunja, anaibana kwapani, anauinamia umati wa watu waliosimama kumshangilia. Ulikuwa mchezo wa zamani, lakini kwa Bi Zuhura alikuwa anaagwa sasa hivi. Akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mtu aliyejaa. Wanawake wote wakakipokea, na kutoka nyumba za pili na za tatu, ambako hawakuwa na kioo wala antena, wakaitikia pia, kwa kuwa walijua ni cha nani.

Nimefunga antena nyingi tangu siku ile, nyingine kwenye maghorofa ambayo kofia inadondoka ukiyatazama juu. Ile yenye chenga ndiyo ninayojivunia.

Basi sikiliza, maana nakuona unavyokesha na kazi zako, unafuta na kuanza upya, unaogopa kuonyesha mtu. Watu wakinyamaza mbele ya kazi yako, usikimbilie kudhani wameichukia. Uliza. Pengine imewafika mahali ambapo hawana neno. Kazi ikishakuwa nzuri ya kutosha kumfikia yule inayemhusu, iwekee alama, uifunge kamba, uiache. Na ukimaliza, shuka. Usibaki juu ya bati unalinda kazi yako wakati wenzako wako chini wanacheka na kulia kwa ajili yake. Kujifundisha mwenyewe si aibu. Nimekula kwa mikono hii, nimesomesha kwa mikono hii, na cheti sijakipata mpaka leo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi itakayowakusanya watu uani, na siku utakapoing'ang'ania kupita kiasi, akupe mzee wa kukuita ushuke, na mama wa kukusogezea nafasi karibu na miguu yake.