Benchi la Wavivu

Benchi lile Grisi alilichomelea mwenyewe, kwa mikono yake, mwaka aliohamishiwa karakana ya kambi. Aliambiwa ni la wageni watakaokuja kutazama gwaride, basi akalitengeneza kwa moyo mmoja: mabomba mazito, mbao zilizopigwa randa mpaka zikateleza, na miguu iliyofungwa kwa bolti kwenye zege pembeni ya uwanja, asije akatokea mjanja akalibeba. Wageni walikuja mara moja wakaenda zao. Benchi likabaki, na Afande Filimbi, mkufunzi wa mazoezi, akalitafutia kazi. Kila aliyeshindwa mtihani wa mbio alikalishwa pale, uso ukiwatazama wenzake, mpaka mtu wa mwisho avuke mstari. Likaitwa benchi la wavivu.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyomgeukia aliyelitengeneza.

Grisi alikuwa koplo, fundi wa magari mazito. Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu hata akivaa nguo za kutokea, hakukosa alama nyeusi kwenye kiwiko. Lori likishindikana, aliitwa yeye. Angejilaza chini ya lile dude tangu asubuhi, sauti yake ikitoka huko chini kuomba spana hii na spana ile, na akitoka, lori linanguruma. Mwanamke wa namna hiyo ukimwita mvivu umemtukana yeye na aliyemzaa.

Alipoandikishwa jeshini alikimbia vizuri tu, si wa mbele wala wa nyuma. Baadaye miguu ikaanza visa. Akianza mbio, hana tatizo. Akifika katikati, vigimbi vinajaa, vinakaza, na maumivu yanapanda kama mtu anayekaza nati iliyokwisha kukaza na bado anaendelea tu. Kisha nyayo zinakufa ganzi. Hazijui tena ardhi iko wapi, zinaanguka pa! pa! kama kandambili.

"Jamani, Grisi anajipigia makofi!" walicheka waliompita.

Na kila mara aliishia benchini. Daktari wa kambi alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kuuhoji: siku ya mtihani alikaa chumbani kwake ng'ambo ya uwanja akinywa chai, akisubiri filimbi ya kufunga. Walioshindwa walipelekwa kwake baada ya hapo, wote kwa pamoja, kwa mstari. Grisi alipofika mbele yake alikuwa ameshakaa benchini muda mrefu, amenyoosha miguu, na miguu imelegea kama haijawahi kugombana na mtu.

"Panauma wapi?"

"Sasa hivi hapaumi, daktari. Panauma nikikimbia."

"Basi usikimbie," daktari alisema, akacheka peke yake. Akambonyeza kigimbi kimoja, akambonyeza cha pili. "Laini kabisa. Mzima wewe."

Afande Filimbi alikuwa mlangoni anasikiliza. "Ugonjwa gani huu wenye ratiba?" akauliza kwa sauti ya kusikika hata na waliokuwa nje. "Unakuja na filimbi, unaondoka na filimbi! Huo ni ugonjwa au ni tarishi?"

Watu walicheka. Grisi akameza.

Alimeza hivyo mtihani uliofuata, na uliofuata huo. Alfajiri alijifanyia mazoezi peke yake akidhani labda kweli amejiachia, na kadiri alivyojikaza ndivyo miguu ilivyozidi kukaza. Mwisho wakamsomea kwenye gwaride, mbele ya kambi nzima, na msomaji alikuwa Afande Filimbi mwenyewe: koplo fulani wa karakana anaachishwa kazi kwa uvivu na uzembe. Neno uvivu alilivuta kama mtu anayetafuna kitu kitamu. Akaongeza kwamba mhusika ana haki ya kukata rufaa, lakini hapo sauti ikawa ya haraka haraka.

Grisi alifunga virago akaenda kwa mama yake.

Mama alikuwa kitandani anakunja nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, akakunja shuka, akaliweka juu ya mengine. Kisha akauliza polepole:

"Mwanangu, niambie mimi tu. Hukuzembea kweli?"

Afande Filimbi alikuwa amemchoma mara nyingi, lakini hakuwahi kumfikia pale alipofika mama.

"Hata wewe, mama?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza! Mtu niliyesukuma baiskeli ya marehemu baba mpaka kisimani na kurudi, wewe ukiwa umelala unaumwa. Leo unaniuliza nimezembea!"

Alitoka akaubamiza mlango, na mlango ule ulikuwa mbovu, ukarudi ukafunguka, akalazimika kurudi kuufunga vizuri. Mama hakucheka. Asubuhi Grisi alimkuta amevaa viatu, mkoba uko kwapani.

"Twende hospitali. Kama kipo, nataka nikione kwa macho yangu."

Hospitalini walikaa foleni mpaka wakafika kwa daktari wa mifupa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye siku za mapumziko alishinda viwanjani akitibu miguu ya wanasoka. Naye alibonyeza kigimbi kimoja, akabonyeza cha pili. Grisi akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Najua utakachosema. Mzima. Nimeshaambiwa mpaka nimekinai."

"Mimi nimesema mzima? Usinitilie maneno mdomoni. Miguu inakuuma lini?"

"Nikikimbia."

"Basi kakimbie," daktari akasema, akainuka na yeye. "Zunguka jengo mpaka iume. Ikishauma, usipumzike. Njoo hapa hapa mlangoni."

Grisi akakimbia. Alipita nyuma ya wodi, akapita penye kamba za kuanikia mashuka, akazunguka tena. Mara ya pili mlinzi wa getini akamwona mtu mzima anatimua mbio hospitalini, akaamini ni mwizi, akaungana naye kwa nyuma akipiga kelele. "Mwache!" mama alikuwa akipaza sauti pale mlangoni. "Mwache, ni mgonjwa!" Mlinzi hakuelewa mgonjwa gani anayekimbia namna ile, ila pumzi zilimwishia akaacha. Grisi alirudi nyayo zikilia pa, pa, machozi yanamtoka. Daktari aliinama pale pale, akaishika miguu.

"Jiwe," akasema. "Mama, hebu shika."

Mama akashika, akautoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mwanangu," akasema. "Ulikuwa unakimbia na hii?"

Daktari alichoma sindano ya kupima msukumo ndani ya msuli, kisha akawaeleza. Misuli ya mguu imevikwa utando mgumu, mfano wa soksi. Mtu akikimbia, misuli hujaa damu, na soksi ya kawaida hutanuka kidogo ikaipa nafasi. Ya Grisi ilibana, ikaminya misuli na mishipa ya fahamu mpaka nyayo zikafa ganzi. Akipumzika, damu inapungua na kila kitu kinarudi mahali pake. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kuupasua utando huo.

Mama alishukuru mpaka akakosa maneno. Grisi hakushukuru. Alikaa kwenye ngazi za hospitali, damu inamchemka. Miaka yote ile jibu lilikuwa uwanjani, mchana kweupe, linasubiri mtu mmoja tu ainuke na kikombe chake cha chai avuke ng'ambo.

Siku ya rufaa, mama alibaki kwenye korido. Ndani alikaa kanali mwenyekiti, na kando yake daktari wa kambi na Afande Filimbi, walioitwa kutoa maelezo. Maelezo ya daktari wa mifupa yalisomwa. Daktari wa kambi akakohoa.

"Simpingi mwenzangu. Lakini huyu nilimpima mimi, kila mara. Miguu laini."

"Ulinipima lini, daktari?" Grisi akauliza.

"Baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani, au baada ya chai?"

"Koplo, chunga mdomo," kanali alisema.

"Nimeuchunga miaka yote, afande. Ndiyo maana niko hapa. Naomba nikimbie. Sasa hivi, mbele yenu."

Afande Filimbi akacheka. "Leo ndiyo unataka kukimbia?"

Kanali alimkata jicho, kicheko kikafia njiani. "Twendeni nje."

Grisi alikimbia na viatu vile vile vya ofisini. Karakanani watu waliacha spana wakasogea. Miguu ilipojaa alizunguka tena, na nyayo zilipoanza kupiga makofi hakuna aliyecheka. Alisimama kwenye mstari, anahema. Na Afande Filimbi, kwa mazoea tu, mkono ukajinyoosha wenyewe.

"Benchi."

"Sikai!" Sauti yake ilifika mpaka karakanani. "Leo sikai hapo hata mnifunge pingu. Daktari, njoo ushike!"

Daktari wa kambi akapiga goti kwenye vumbi. Alishika, akabonyeza, akabaki ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Na wewe, afande. Shika."

"Mimi si daktari," Afande Filimbi akasema.

"Ulipokuwa unanitangaza mvivu ulikuwa daktari?"

"Shika," kanali alisema.

Akashika kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima bomba la moshi la lori lililotoka safari.

Waliporudi ndani kanali alikuwa amelainika. "Basi, koplo, kamati imeona. Tumekusamehe. Utatibiwa, na utarudi karakanani kwako."

"Nani ameomba msamaha, afande?"

Huko nje kwenye korido mama alisikika akikohoa, kikohozi cha kumwambia mtoto wake basi, yatosha.

"Mimi nimeleta rufaa," Grisi aliendelea. "Sikukosa kitu. Niliitwa mvivu mbele ya kambi nzima, naomba lifutwe mbele ya kambi nzima. Aliyelisoma ni yeye. Alifute yeye."

"Unajua unaweza kukikosa hata hiki tulichokupa?"

"Hamjanipa. Mnanirudishia."

Kanali akamgeukia daktari wa kambi. "Hilo la chai ni kweli?"

Daktari wa kambi alitazama mikono yake, bado ina vumbi. Kanali hakuuliza mara ya pili.

Gwaride lililofuata, Afande Filimbi alisoma kwa sauti ya mtu anayeongea na kola yake. "Hatusikii!" mtu akapiga kelele safu za nyuma, na mpaka leo hajulikani ni nani. Akasoma upya: koplo hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa, na kosa lilikuwa la waliompima.

Wenzake walitaka kumpa mkono. Grisi aliwapita. Aliingia karakanani, akatoka na spana kubwa na kipande cha bomba cha kurefushia mpini wake, akapiga magoti kando ya benchi. Bolti zilikuwa zimeota kutu. Alizitukana moja moja, akazing'oa.

"Koplo," Afande Filimbi alisema nyuma yake, "hiyo ni mali ya jeshi."

"Najua, afande. Nililitengeneza mimi."

Akaliburuta, vyuma vikikwaruza uwanja mzima, mpaka kwenye mstari wa kumalizia mbio. Akaligeuza litazame wanaokimbia. Kisha akauelekea mlango wa chumba ng'ambo, ambako daktari wa kambi alikuwa amesimama na kikombe mkononi.

"Kiti chako hiki hapa, daktari," akasema. "Siku ya mtihani, chai utanywea hapa."